Mguu wa Shangazi na Taa ya Zambarau

Jumatatu, 1 Desemba

Taa imefika kliniki kwetu na ndege ya asubuhi, ndani ya sanduku lenye sponji, imelazwa kama yai. Daktari Penisimani alilifungua mbele ya wagonjwa wote, kwa mikono miwili. Kifaa chenyewe ni kama simu iliyonenepa: nyuma kioo, mbele vitaa viwili vya zambarau. Philippa, mtu wa mradi wa taa kutoka Auckland, alitufundisha kupitia kompyuta, picha ikikatika kila mara.

Nilivyoelewa ni hivi. Bakteria wengi wana rangi yao iliyojificha, ambayo mwanga wa kawaida hauionyeshi. Ukiwamulika kwa zambarau gizani, wanawaka wenyewe, bila kupakwa chochote. Wengi huwaka nyekundu. Kuna wale wanaopenda vidonda vya majimaji, wao huwaka samawati inayokaribia nyeupe. Nyama nzuri ya mtu huonekana kijani iliyofifia. Majibu ya maabara kutoka kisiwa kikuu cha Tongatapu hutufikia baada ya siku saba, kumi, kutegemea ndege. Taa inajibu kabla hujamaliza kupiga chafya.

Philippa ametutumia na daftari hili, niandike chochote cha kushangaza. La leo: tuna taa ya gizani na hatuna chumba chenye giza.

Jumatano, 3 Desemba

Tumehamisha maboksi kutoka stoo ya dawa. Pazia nimelishona kwa kitambaa cheusi nilichokivaa miezi mitatu kwa msiba wa mama. Nilisita, nikashona.

Ijumaa, 5 Desemba

Mzee mmoja wa kijiji cha Leimatu'a, kidonda cha kifundo, wiki sita hakiponi. Tulimwingiza stoo, nikafunga pazia, nikamulika. Samawati! Imeng'aa kama maziwa ndani ya maji ya bahari. Daktari alibadilisha dawa papo hapo. Mzee aliangalia kioo akasema, "Kumbe nina wapangaji."

Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatatu, 8 Desemba

Leo amekuja shangazi Hulita.

Ni dada mkubwa wa baba. Katika ukoo wetu hakuna aliye juu yake. Akisema jambo, limesemwa. Baba, pamoja na mvi zake, kwa mila yetu hakai chumba kimoja na dada yake, na mimi sijawahi kumuuliza shangazi swali lenye "kwa nini" ndani yake. Lakini ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Alitembea siku nzima na kipande cha kombe la baharini ndani ya kiatu, hakukisikia, kwa sababu sukari imeua mishipa ya miguu. Nikakaa sakafuni kumshika mguu. Kwa shangazi ningekaa sakafuni vyovyote vile, kwa hiyo heshima na uuguzi vimekubaliana.

Sentimita tatu nukta moja. Kwa macho, si kibaya. Hakinuki.

Kwa taa, kimewaka nyekundu kama makaa ya umu, tanuri letu la ardhini. Si kidonda tu. Nyekundu imemwagika hadi katikati ya unyayo, mahali ambapo ngozi ni nzima.

"Umepaka chochote, mama?" Daktari akamuuliza.

"Maji na sabuni," shangazi akajibu, macho ukutani.

Tumeosha, tumesugua, tukamulika tena. Nyekundu. Ameanzishiwa dawa.

Jumanne, 9 Desemba

Mwalimu Manase. Ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa letu, na ndiye aliyenifundisha noti nikiwa na miaka saba, kwa kunigonga utosini na penseli. Sasa analima viazi vikuu, naye ana sukari. Panga lilimteleza kwenye ugoko. Jeraha jembamba, kingo safi.

Taa: kijani tupu. Hakuna hata nukta.

"Safi, Mwalimu."

"Hiyo taa inaona mpaka dhambi?"

"Bado hatujaijaribu huko."

"Basi izime haraka."

Jumatatu, 15 Desemba

Mvua. Shangazi: nyekundu. Mwalimu: kijani.

Majibu ya mzee wa Leimatu'a yamerudi. Bakteria wale wale taa iliowataja, siku kumi baadaye. Daktari amebandika karatasi ukutani.

Jumatatu, 22 Desemba

Mvua. Shangazi: nyekundu, pana zaidi. Sentimita mbili nukta nne. Nimeipima mara mbili. Kidonda kinapungua na wekundu unaongezeka. Nimeandika vyote viwili, vimekaa mstari mmoja vikitazamana.

Mwalimu: kijani.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisa. Kula. Usingizi.

Jumatatu, 29 Desemba

Majibu ya sampuli niliyochukua kwa shangazi wiki iliyopita: hakuna kilichoota.

Nimesoma nikarudia. Hakuna kilichoota. Nimekwenda naye stoo, nimefunga pazia, nimemulika: makaa.

Nikamwandikia Philippa. Akajibu kwa adabu kwamba huenda bakteria wamejichimbia ndani, kijiti cha pamba hakikuwafikia, na dawa anazokunywa zinaweza kuzuia wasiote maabara. Daktari Penisimani akasema, "Maabara wanakosea kila siku. Sampuli inakaa uwanja wa ndege juani. Taa haina uwanja wa ndege."

Ni kweli. Lakini macho yangu yanaona nyama changa, ya waridi. Miaka kumi na moja nafunga vidonda. Ama macho yangu yameharibika, ama hayakuwahi kuwa mazima na sikuwa nimejua.

Jumatano, 7 Januari

Wiki ya sala. Kanisani alfajiri, kanisani jioni, katikati karamu. Watu wa sukari wanakula kama hakuna kesho, na mimi nakaa kimya kwa sababu mwenye meza ni shangazi.

Mwalimu Manase alisimamisha kwaya katikati ya wimbo akashika benchi. Baadaye nikamfuata uani.

"Panauma?"

"Panachoma. Kama kuna mtu ameingiza msumari wa moto akausahau."

"Taa inasema pasafi, Mwalimu."

"Basi iambie taa inibebee mguu."

Tukacheka. Mkewe, Lose, hakucheka.

Jumatatu, 12 Januari

Mwalimu: kijani. Jeraha limefunga juu, limebaki ufa mdogo. Mradi unatuhimiza tusitoe dawa pasipo sababu, na hilo naliunga mkono. Nimemsimamishia dawa ya kinga aliyoanzishiwa kwa sababu ya sukari. Daktari alikuwa mjini Neiafu kwenye mkutano. Nimesaini mwenyewe, ninaruhusiwa.

Alianza kuniambia juu ya maumivu. Nilikuwa na watu tisa kwenye benchi. Nikamwambia, "Kovu linapokaza huvuta, Mwalimu. Ni kawaida."

Shangazi: nyekundu mpaka kisigino.

Alhamisi, 15 Januari

Daktari ameita kikao cha watu wawili, yeye na mimi. Amezipanga picha za shangazi mezani, sita, kutoka Desemba hadi leo. Ukizipitisha haraka unaona wekundu unatambaa kama moto kwenye nyasi.

"Toakase, hawa wameingia ndani. Wakifika mfupani tunapoteza mguu wote. Daktari wa upasuaji anakuja na ndege tarehe tano Februari. Aondoe kidole na nusu ya unyayo, tuokoe kisigino."

"Kidonda kinapungua, Daktari. Sasa ni moja nukta nane."

"Kinafunga juu, ndani kinaoza. Umewahi kuviona."

Nimewahi. Hilo ndilo linalonisumbua, kwamba nimewahi.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

Akakusanya picha zake. Nikajua ni nani.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemwambia. Nilikaa sakafuni kwake, kichwa chini, nikasema maneno yote kwa mkeka. Shangazi alikuwa anamenya ndizi za kupika. Hakusimamisha kisu.

"Kwa hiyo mnataka kunizika kwa mafungu."

"Ni kidole na kipande tu, shangazi."

"Kipande kipi? Ukishanipunguza, nitasimama na nini kanisani?" Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Na hiyo taa yenu, inasema kila Jumatatu naoza?"

"Inaonyesha nyekundu, shangazi."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu."

Akafunika sufuria. Halafu akaniambia nile, nikala, na chakula kilikuwa kitamu, na mimi sikuelewa kabisa yule mwanamke amekasirika au ameogopa. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona ameogopa, kwa hiyo sijui hufananaje.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua siku nne. Barabara ya bandarini imekatika.

Shangazi: nyekundu mpaka juu ya kifundo. Imeruka zaidi kwa wiki moja kuliko kwa mwezi mzima.

Mwalimu hakuja.

Ijumaa, 23 Januari

Nimeota mchana, nimelala kwenye kiti cha kliniki: namulika mikono yangu mwenyewe.

Jumatatu, 26 Januari

Shangazi: nyekundu. Sentimita moja nukta mbili.

Mwalimu hakuja. Wanasema yuko shambani anapalilia kabla nyasi hazijameza viazi.

Ijumaa, 30 Januari

Mwalimu amekuja bila kuitwa, ametoka shambani, matope mpaka magotini. Niliosha mguu mzima. Ufa mdogo, mkavu. Ngozi ya pembeni ilikuwa na joto kidogo, lakini alikuwa ametembea maili mbili. Alisema jana alitetemeka kwa baridi.

"Ulinyeshewa, Mwalimu."

"Ninanyeshewa tangu nimezaliwa, binti. Sijawahi kutetemeka."

Nikamulika. Kijani. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe. Akatazama kwa makini, kama anavyotazama noti asizozipenda.

"Sioni kitu."

"Hiyo ndiyo habari njema."

"Haya, Nesi Taa. Wewe ndiye unayejua kusoma hiki."

Akaenda.

Jumanne, 3 Februari

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na ndala zangu.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kupiga. Nilikimbia kutoka getini, nikaingia stoo moja kwa moja kupiga picha za mwisho za shangazi kwa ajili ya daktari wa upasuaji. Alikuwa amekaa tayari, mguu juu ya stuli. Nikafunga pazia, nikawasha taa, lakini nilikuwa bado sijaielekeza kwake. Mwanga ukaanguka chini.

Mguu wangu mimi ulikuwa unawaka.

Nyekundu. Nyekundu ile ile, ya makaa. Kwenye ndala ya kushoto, umbo kama la kidole. Nilidhani nimekufa ganzi na mimi, kwamba nina kidonda nisichokisikia. Niliinama nikapagusa. Likabanduka. Lilikuwa jani. Jani bichi la uani, limenaswa na matope.

Nikazima taa. Nikawasha. Jani likawaka. Nikaligeuza, likawaka upande wa pili.

"Unafanya nini huko chini?" shangazi akauliza gizani.

"Nimeangusha kofia ya kalamu, shangazi."

Nilimpiga picha zake, nikamtoa. Halafu nilitoka mvuani nikachuma kila kilichokuwa karibu: nyasi, jani la ndizi, jani la jimbi, jani la hibiskasi la uani. Nikarudi stoo. Vyote vilikuwa vyekundu. Sakafu nzima iliwaka, nimesimama katikati kama mwizi aliyekamatwa. Ile kijani ya majani, klorofili tuliyofundishwa darasa la tano, chini ya zambarau inageuka nyekundu. Hakuna bakteria hata mmoja. Jani tu, linafanya jambo lake.

Nikachukua jani la nonu, mti wa dawa wa wazee wetu. Nikaliponda, nikalikanda kwenye mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kama bibi alivyokuwa akifanya, nikapaka kwenye mkono wangu. Nikaosha kwa sabuni mara tatu. Kwa mwanga wa kawaida, ngozi safi. Kwa taa, makaa.

Saa nane nilikuwa nyumbani kwa shangazi. Nilikaa sakafuni. Sikuwa na namna ya kuuliza. Kumuuliza shangazi kama alidanganya ni kumtukana, na kumtukana yeye ni kumtukana baba na baba wa baba. Nikakaa. Mvua inapiga bati. Mwishowe nikakunja mkono wa gauni, nikamnyooshea mkono wangu wenye harufu ya nonu.

Akaunusa. Akanitazama.

"Nani kakupikia?"

"Mimi mwenyewe, shangazi."

"Umeunguza. Mafuta hayatakiwi kuchemka." Akavuta pumzi. "Tangu lini unajua?"

"Tangu asubuhi."

"Daktari alivyoniuliza, mbele ya watu, nimepaka nini, nilikuwa niseme nini? Niseme napaka majani, yule kijana anicheke? Mama yangu aliponya nusu ya kisiwa hiki kwa majani hayo." Akaanza kusugua goti lake. "Nilikuwa napaka mara moja tu, baada ya kuoga. Lakini kila Jumatatu mnaniambia nyekundu. Nikapaka mara mbili. Mkasema imeenea zaidi. Nikapaka mpaka kisigino. Siku uliyokuja kuniambia mnanikata, Toakase, sikulala. Nikapaka mguu mzima."

Kila Jumatatu nilimwambia anaoza, akaongeza majani. Akiongeza majani, nikamwambia anaoza zaidi. Tumezunguka hivyo miezi miwili, yeye na mimi, na baina yetu daktari anapanga picha mezani.

"Shangazi, keshokutwa walikuwa wakukate."

"Najua. Nilikuwa nije. Nimeshafua gauni."

Nililia, naye hakuniambia ninyamaze. Alinipa taulo.

Nikapiga simu kliniki, Daktari alikuwa ameondoka. Nitamwambia kesho mapema.

Jumatano, 4 Februari

Nilimwambia Daktari saa mbili asubuhi, majani mkononi. Hakuamini, nikamwingiza stoo. Alitoka mle akakaa kwenye benchi la wagonjwa. "Niliandika barua akatwe," akasema. "Nimesaini." Hatukufika mbali, kwa sababu pikapu iliingia uani ikipiga honi mfululizo.

Lose alikuwa nyuma, amekaa juu ya magunia, kichwa cha Mwalimu Manase mapajani mwake.

Joto thelathini na tisa nukta nane. Mguu umevimba hadi goti, ngozi imekaza inameta, na kwenye ugoko malengelenge, mengine yamekwisha kugeuka meusi. Alikuwa anaongea na kwaya. Aliwaambia sauti ya tatu wameshuka. Aliponiona alinitambua.

"Nesi Taa. Mulika."

Sijui kwa nini nilimulika. Daktari alikuwa anatafuta mshipa, Lose ananitazama, na mimi nikachukua taa, nikamfunika na blanketi jeusi, nikamulika mguu uliokuwa unakufa mbele yangu.

Kijani. Kijani na giza. Hakuna hata nukta.

"Inasema nini?" Lose akauliza.

Nikazima taa.

"Nakuuliza wewe! Inasema nini?"

"Inasema pasafi."

Akanipiga kofi. Daktari hakugeuka. Tuliendelea na kazi, yeye mshipa, mimi dawa, Lose akishika chupa ya maji juu kwa mkono ule ule.

Ndege ya kumpeleka Tongatapu haikuja. Kuna kimbunga upande wa magharibi.

Alhamisi, 5 Februari

Ndege moja tu ilithubutu asubuhi, ikashusha daktari wa upasuaji na mifuko ya barua, ikaondoka papo hapo kabla ya upepo, haikungoja mgonjwa.

Shangazi alikuwa amefika kabla ya wote, kwa gauni lake lililofuliwa, hajala, ingawa nilikuwa nimemtuma mtu amwambie asije. Alikaa kwenye kiti kilichoandikwa jina lake. Daktari wa upasuaji akashika faili akauliza, "Hulita ni nani?"

Shangazi akasimama. "Mimi. Lakini mguu wa kukatwa si wangu. Ni wa yule pale." Akaketi kwenye benchi la nyuma.

Ilichukua saa moja na dakika arobaini. Chini ya goti, kushoto. Mimi nilishika mguu. Namaanisha niliushika, na ulipoachana naye uzito wote ukabaki mikononi mwangu, na sikujua niuweke wapi.

Jumamosi, 7 Februari

Kimbunga kimepita pembeni. Migomba yote imelala. Mwalimu yuko hai.

Jumatatu, 16 Februari

Majibu ya Mwalimu. Streptokokasi. Wameota mpaka pembezoni mwa kisahani, wameandika.

Nilifungua kijitabu cha mradi. Ukurasa wa kumi na nne: kuna bakteria wasiotengeneza rangi hiyo, kwa hiyo taa haiwaoni, mgonjwa apimwe kwa dalili zake. Wamewataja kwa jina. Chini ya jina kuna mstari wa kalamu ya bluu. Ni kalamu yangu. Niliusoma mwezi wa kumi na mbili, nikaupigia mstari, kisha nikaenda kumwambia Mwalimu kovu linavuta.

Philippa ameandika barua ndefu ya masikitiko. Anataka picha za jani.

Jumanne, 24 Februari

Mwalimu hataki nimguse. Anafungwa bandeji na mwenzangu. Nikipita anaangalia dari, mdomo umefumba, na mimi napita polepole kuliko inavyohitajika.

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Taa iko kwenye sanduku. Wagonjwa wanaiulizia. Mzee wa Leimatu'a, aliyepona, amekuja na nazi sita kuishukuru. Kuishukuru taa! Nikamtolea, akaipigapiga mgongoni kama farasi.

Aliponywa nayo kweli. Nilikuwepo.

Jumatatu, 16 Machi

Kidonda cha shangazi kimefunga. Nimekipapasa kwa kidole gumba, nimekinusa, nimembana kuzunguka kote huku namtazama usoni. Amepona kwa nini, majani au dawa ya Daktari au kuvua kile kiatu, sijui. Yeye anajua, na hanyamazi.

Alhamisi, 26 Machi

Fomu ya mradi. Swali la tisa: Je, kifaa kimeboresha huduma? Ndiyo au Hapana. Nimeiacha mezani, kikombe juu yake.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kwaya iliimba bila mwongozaji. Sauti ya tatu walishuka.

Nje ya kanisa shangazi aliniambia, "Jumamosi tunakwenda kwa Manase. Mwambie baba yako atafute nguruwe na mzizi wa kava, kinywaji cha kuombea radhi. Na ile mikeka iliyochakaa, usiifue."

"Shangazi, kosa ni langu. Wewe huna haja ya kuketi chini."

"Nimekuuliza?"

Jumamosi, 11 Aprili

Tulikwenda saa tatu asubuhi. Mimi, baba, shangazi na kaka zangu wawili wamebeba nguruwe. Tulijifunga viunoni mikeka iliyopasuka, ile ya kuombea msamaha, tukakaa nje ya lango la Mwalimu Manase, juu ya udongo, vichwa chini. Baba alikaa upande wa pili wa lango, mgongo kwa dada yake, kama inavyompasa. Watu wakapita, wakamwona Hulita chini, wakashusha sauti. Nadhani hakuna aliyewahi kumwona chini.

Mlango ulikuwa umefungwa. Saa nzima. Mvua nyepesi ikaanza, ya mwisho mwisho wa msimu. Hakuna aliyeinuka. Nguruwe alilalamika kwa niaba yetu sote.

Lose ndiye aliyefungua. Akatutazama, akarudi ndani. Halafu nikasikia magongo kwenye mbao.

Mwalimu alisimama barazani. Amekonda. Suruali amekunja kushoto na kuibana kwa pini. Hakunitazama mimi.

"Hulita."

"Nipo."

"Mguu wenyewe ndio huo?"

"Ndio huo."

"Nionyeshe."

Shangazi yangu, ambaye soksi zake hakuna mwanamume wa kijiji aliyewahi kuziona, alivua kiatu mvuani, akanyoosha mguu, akaugeuza unyayo juu. Mwalimu aliinamia magongo akautazama muda mrefu. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye kovu.

"Umepona kweli," akasema. Sauti yake haikuwa na uchungu wala furaha. Ilikuwa kama mtu anayehakikisha saa.

Kisha akanigeukia. "Na wewe. Nilikwambia panachoma."

"Uliniambia, Mwalimu."

"Nilikwambia mara tatu."

"Mara tatu."

"Sijakusamehe. Nimejaribu tangu juzi nilipoambiwa mnakuja, lakini haiji." Akahamisha gongo. "Jumatatu Lose anakwenda Tongatapu, mama yake anaumwa. Yule mwenzako anafunga bandeji kama anafunga mzigo. Uje wewe. Saa mbili."

"Nitakuja."

"Uje bila hicho kitu."

"Bila, Mwalimu."

Akaingia. Lose akashuka ngazi, akauchukua mzizi wa kava kutoka mikononi mwa baba, akauweka ndani. Nguruwe hakumchukua. Alisema tumrudishe.

Njiani baba akasema kava imepokewa, kwa hiyo tumesamehewa. Shangazi akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mbele alikokuwa baba, kwamba nguruwe amerudishwa, kwa hiyo bado. Wamebishana hivyo mpaka nyumbani, bila kutazamana, mimi katikati na kamba ya nguruwe mkononi. Nilimwuliza shangazi mimi nishike lipi. Akasema, "Shika nguruwe."

Sasa nguruwe amefungwa uani, anakula maganda. Nimekata kucha zangu zote kumi, fupi kabisa, kwa ajili ya Jumatatu.